Sentensi Niliyokufutia

Tunduma, Ijumaa, alasiri

Mwanangu Atupele,

Mambo ya safari baba yako amekwisha kukuambia: blanketi liwe juu, vyeti halisi vikae mwilini na si ndani ya begi, mayai ya njiani usiyaguse. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nalo limenikalia kifuani tangu saa nane mchana wa leo, ulipokuwa sokoni ukitafuta kufuli la sanduku. Kesho alfajiri utapanda basi la Morogoro kwa ufadhili uliopatikana kwa neno ambalo si lako. Ni langu. Nililiandika mimi, kwa kalamu nyekundu, juu ya neno lako lililokuwa la kweli. Na leo mtu aliyedhulumiwa na neno hilo amekuja nyumbani kuliulizia.

Alikuja Zaituni. Unajua anavyopiga hodi, taratibu, kama anayehofia kuamsha mgonjwa. Alikuletea kilo tano za mchele kutoka dukani kwa mjomba wake, akasema ni wa kukukumbusha nyumbani utakapokuwa unakula wali wa chuo unaokatwa kwa kisu. Akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kochi, akakataa chai. Kisha akatoa simu. Wafadhili wako wameweka picha yako kwenye ukurasa wao. Umevaa lile gauni la bluu, na chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba wewe ni "founder", mwanzilishi, wa darasa la Jumamosi la wanawake wanaofanya biashara mpakani. Aliyemwonyesha ni Mama Gift, yule anayevusha mchele kwenda Nakonde. Mama Gift alimpelekea kwa furaha, kwa kuwa neno lile refu alilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kusaidiwa na mtu. Tazama mambo, mwanangu: Zaituni alimfundisha mama yule kusoma, na miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovisoma ni sentensi iliyomfuta mwalimu wake.

Zaituni aliweka simu juu ya goti akaniuliza, "Mwalimu, hili neno, ni la yule aliyeanza au la yule aliyeandikwa?"

Hakuuliza kwa hasira. Ningeweza kupambana na hasira, nimeizoea. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza kidato cha tatu, kalamu mkononi, akitaka kuandika jibu. Nami nikamjibu kama mwalimu. Nikamwambia neno hilo siku hizi lina matumizi mapana, kwamba taasisi nyingi hulitumia kwa yeyote aliyekuwepo katika siku za awali. Nilisema uongo kwa sauti ya darasani, sauti ile ile ninayosemea ukweli.

Alinisikiliza mpaka nukta ya mwisho. "Sawa, mwalimu," akasema. "Kesho akina mama wakiniuliza, nitawaambia umesema lina matumizi mapana." Akainuka, akanitakia mchana mwema, akaondoka. Mchele wake uko hapa mezani karibu na mkono ninaoandikia.

Umekulia katika nyumba ambamo maneno ya Kiingereza ya mwanzo yalikuwa mchezo wa mezani. Nilikuwa nakutupia kitu, nawe unanirudishia neno. Injini? "Start", ulijibu, kwa sababu injini huamshwa mara moja kwa mkono wa mtu. Safari ndefu, masomo, hadithi? "Begin", kwa sababu huingiwa polepole kama mto unavyoingiwa na miguu. Kazi ya serikali? "Commence", ukavuta kidevu chini kama bwana mkubwa mwenye tai, nasi tukacheka. Baba yako, mikono yake ikinuka dizeli ya malori anayoyatengeneza, alikuwa akisema, "Ninyi Waingereza mna kazi. Mimi likiwaka, limewaka." Nawe ulimwonea huruma kwa kutojua, kumbe yeye peke yake pale mezani ndiye aliyekuwa akianza kitu kila siku.

Ninayapenda maneno hayo hata leo. Ninapenda kwamba Waingereza wana neno la pekee kwa mwanzo usio na mwenyewe: "onset", mwanzo wa mvua, mwanzo wa homa, mwanzo wa uzee, mambo yanayomwingia mtu bila kuomba ruhusa. Ninapenda kwamba "launch" inadai watu wawepo, utepe ukatwe, chombo kisukumwe mbele ya macho ya umati. "Inception" ni neno la karatasi, huishi kwenye maandiko ya miradi na hutaka tarehe. Na "found" ndilo zito kupita yote, kwa maana ndani yake mna msingi: shimo lililochimbwa, jiwe lililotangulia, mgongo uliouma kabla ya kuta kuonekana. Neno hilo halimfai aliyefika kuta zikiwa zimefika kiunoni, hata awe amezimaliza kwa uhodari kiasi gani. Sikuwahi kukueleza hivyo, ingawa nilijua. Nakueleza leo ili usidhani kosa langu lilikuwa la mtu asiyeelewa Kiingereza. Nililielewa neno kabisa, na ndiyo maana nililitaka.

Hujapata kunisikia nikihutubia. Unachokijua ni kwamba baba yako huniita Mheshimiwa ninapoanza kupanga hoja jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa na sauti. Mabweni yetu yalikaa wiki mbili bila maji. Nikapanda juu ya meza ya bwalo la chakula nikatangaza kwamba historia haimsubiri mwenye kiu. Mpaka leo sijui sentensi hiyo ina maana gani. Lakini walishangilia, tukaandamana, tukaimba mpaka koo zikakauka zaidi, na uongozi wa chuo ukanisimamisha masomo mwaka mzima. Maji yalirudi kwa sababu fundi mmoja alibadilisha pampu. Hakuna aliyemshangilia fundi. Hata jina lake sikuliuliza.

Nikarudi Ihanda kwa babu yako. Hakunigombeza. Alinipa mkasi wa kupogolea, akanionyesha mstari wa mibuni wa kuanzia, akaenda zake mstari wa pili. Nilidumu wiki tatu. Mibuni haishangilii. Nikamwambia babu yako kwamba mama yako mkubwa, aliyekuwa muuguzi wa zahanati kule Msangano, anahitaji msaada wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta umati mwingine.

Kule bondeni, kwenye joto na mpunga, nilikuta jambo lililonishangaza. Palikuwa na mwanamke wa Kisukuma aitwaye Minza, aliyehamia huko na mumewe kwa kufuata malisho ya ng'ombe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kihenge kikubwa. Kila baada ya mavuno, kabla mwanamke yeyote wa jirani hajapika wali wa mpunga mpya, alipeleka kwa Minza debe moja la mbegu. Kihenge kikijaa kilizibwa mdomo kwa udongo na samadi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kilibomolewa mdomo mchana, mbele ya wote, na yule aliyekula mbegu zake wakati wa njaa alichota sawasawa na yule aliyezitunza. Walikuwamo Wanamwanga, Wasukuma, wakristo, waislamu. Sharti lilikuwa moja tu: mtu haulizwi kwa nini alizila.

Mtu mwenye akili timamu angeketi chini akajifunza. Mimi niliitisha mkutano.

Niliuitisha kwenye darasa la shule ya msingi, na wakaja wanawake kumi na wanne. Minza hakuja; alikuwa na ndama mgonjwa, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akadhani mkutano wa darasani ni wa wanaojua kuandika. Niliwaeleza wale kumi na wanne, kwa Kiswahili cha chuo kikuu, jambo walilokuwa wakilifanya wenyewe. Nikalipa jina. Nikalipa katiba, mwenyekiti na katibu. Kisha nikaandika andiko la kuomba mashine ya kukoboa mpunga, na fomu ile ya Kiingereza ilikuwa na nafasi mbili ambazo bado naziona nikifumba macho: tarehe ya "inception", na jina la mwanzilishi.

Kalamu ilisimama, Atupele. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu huwasimulia watoto wao makosa kana kwamba waliteleza. Sikuteleza. Nilijua kwamba mwanzo wa jambo lile ulikuwa nyuma ya nyumba ya Minza na si darasani. Lakini kihenge hakikuwa na tarehe wala kumbukumbu za kikao, na mkutano wangu ulikuwa navyo vyote viwili. Nikaandika siku ya mkutano wangu. Kwenye nafasi ya mwanzilishi nikaandika jina langu, kwa muda tu, nikajiambia, maana mimi ndiye nitakayejibu barua.

Mashine ilikuja, na ikaja na utaratibu: wanachama waanzilishi wakoboe asubuhi, wanachama wapya wasubiri mchana. Waanzilishi walikuwa wale kumi na wanne waliohudhuria. Minza alifika na gunia lake, akaambiwa na binti aliyekuwa akipanga foleni kwamba yeye ni mpya. Hakubishana. Alilitua gunia, akaja mpaka zahanati nilipokuwa, akaniomba nimsomee kilichoandikwa kwenye ile fomu. Nikamsomea. Akaomba nirudie tarehe. Nikarudia.

"Siku hiyo uliyoandika, mwanangu," akasema, "mimi kihenge nilikuwa nimeshakifungua mara sita."

Na unajua nilifanya nini? Nilimfafanulia. Nilimweleza tofauti ya kikundi kisicho rasmi na kikundi rasmi, nikamweleza matakwa ya wafadhili, nikamweleza kwamba sote tunaijenga kesho moja. Nilizungumza kwa ufasaha. Alisubiri nimalize, akajitwisha gunia lake ambalo halijakobolewa, akarudi nyumbani kulitwanga kwa kinu.

Mavuno yaliyofuata hakuna aliyepeleka debe kwa Minza. Kikundi kilikuwa na katiba, na katiba haikutaja kihenge. Mvua ya kwanza ikakikuta kiko wazi, kuku wanataga ndani yake. Waliokuwa wamekula mbegu zao walilazimika kwenda kuomba mlango kwa mlango na kueleza kwa nini walizila, na mama yako mkubwa aliniandikia kwamba mjane mmoja aliona aibu ya kueleza, akaacha shamba lake liote majani. Barua hiyo ilinikuta nimekwisha rudi chuoni. Niliisoma asubuhi. Jioni nilipanda jukwaani nikasimulia juu ya mradi nilioanzisha bonde la Momba.

Miaka mingi baadaye, wewe ukiwa darasa la pili, nilipelekwa Chitete kusimamia mitihani. Siku ya mwisho nilikodi bodaboda mpaka Msangano. Njia nzima nilikuwa nikiipanga sentensi yangu ya kuomba radhi. Niliipanga kwa Kiswahili chepesi, nikaondoa mapambo yote. Mashine niliikuta haina mkanda, imefunikwa na turubai lililochanika. Nikauliza nyumba ya Minza. Walinionyesha kiwanja tupu. Walihama na ng'ombe wao, wakasema, upande wa Katavi, au labda mbele zaidi. Nilirudi Tunduma na sentensi yangu mdomoni. Ninayo mpaka leo. Ni sentensi nzuri, na haina pa kwenda.

Sasa unielewe vizuri ninapokukumbusha mwezi wa tatu mwaka huu.

Uliniletea fomu ya ufadhili wa vijana walioanzisha jambo katika jamii zao. Ulikuwa umeijaza kwa penseli. Chini ya swali la ulichoanzisha, uliandika kwa Kiingereza safi kwamba rafiki yako Zaituni ndiye aliyeanza darasa katika duka la mchele, na kwamba wewe ulijiunga mwezi mmoja baadaye na hujaondoka tangu hapo. Kila kitu kilikuwamo. Ilikuwamo ile siku ya likizo ya kidato cha tano, Zaituni akiwa kaunta, alipomsikia Mama Gift akisimulia alivyopanga foleni siku nzima kwenye dirisha lisilo lake kwa sababu hakujua kusoma kibao; Zaituni akapasua boksi la sabuni, akaandika kwa mkaa maneno matatu ya Kiingereza ambayo kila anayevuka mpaka hukutana nayo, akayasimamisha kwenye magunia. Uliandika hata kwamba akina mama wa upande wa pili walianza kuja nao, na kwamba darasa hufunguliwa kwa "mulishani" ya Kibemba kabla ya salamu yetu, ili wageni watangulie.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nilikuambia sentensi ni dhaifu. Nilikuambia Kiingereza cha maombi hakipendi watu wanaojiunga. Nikafuta jina la Zaituni, nikafuta kujiunga, nikaandika juu yake "I founded". Ukaisoma karatasi. "Mama, lakini si mimi," ukasema.

Nami nikakujibu, "Hawakuulizi historia. Wanatafuta mwanzilishi."

Nilikuwa mwalimu wako, mama yako na mtu pekee ndani ya nyumba aliyewahi kujaza fomu za namna hiyo. Ungenishindaje? Ulinakili kwa wino. Niliona bega lako linavyoandika, limeinuka kidogo kama la mtu anayebeba ndoo iliyojaa kupita kiasi, nikajiambia ni uchovu. Na ngoja niseme na hili, kwa sababu nusu ya ungamo ni uongo mwingine: Zaituni alimaliza kidato cha sita pamoja nawe, na alifaulu. Tangazo la ufadhili ule nililiona mimi kwanza, shuleni, wiki mbili kabla ya kukuonyesha. Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia kesho yake, na kesho yake, mpaka tarehe ikapita.

Kwa nini nilifanya? Nimejiuliza mchana wote. Umaskini si sababu, maana tungekopa, tungeuza, tungepata namna. Nadhani nilitaka uwe vile nilivyotamani kuwa mimi: mtu ambaye kitu kinaanza kwake. Nilitumia ujana wangu kuabudu mianzo. Mkutano wa kwanza, tamko la kwanza, sahihi ya kwanza. Nimezindua mambo kumi na moja maishani mwangu, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa linapumua nilipoligeukia kulitazama. Lililo hai ni hili la Zaituni, nalo halikuzinduliwa na mtu. Lilianza kama anavyoanza mtoto kutembea, bila hotuba, katikati ya shughuli nyingine.

Na wewe, mwanangu, ulifanya jambo ambalo mimi sikuwahi kuliweza. Ulijiunga na kitu cha mwingine na ukakaa. Jumamosi baada ya Jumamosi ulibeba ubao kichwani kutoka nyumbani, ukafuta vumbi la pumba kwenye mabenchi, ukachora picha za vibao vya forodhani kwa wale waliokuwa wanaona aibu kusoma kwa sauti. Wakati malaria ilipomlaza Zaituni ulifundisha mwezi mzima, na aliporudi ulimkabidhi chaki yake bila kusubiri aiombe. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuja kununua mchele. Nilipaswa kulitambua jambo hilo. Sentensi uliyoandika kwa penseli, kwamba hujaondoka tangu hapo, ndiyo sentensi bora kupita zote nilizowahi kuzisahihisha katika miaka kumi na minane ya ualimu, nami niliikata kwa mstari mmoja mwekundu kwa sababu haikuwa na ngoma.

Huko uendako utawakuta vijana wengi wenye sauti. Usiwakimbie, baadhi yao wana haki, na nyakati nyingine mabweni kweli hayana maji. Ninalokuomba ni dogo. Mtu akisimama mbele yako kutangaza mwanzo wa jambo, mtafute kwa macho aliyekuja na funguo za ukumbi. Mara nyingi yeye ndiye anayejua lilianza lini.

Sasa nikueleze niliyoyafanya leo baada ya Zaituni kuondoka, na niliyoyaacha.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika barua kwa wafadhili. Niliiandika kwa jina lako. "Mimi, Atupele," nikaandika, na nikaeleza kwa niaba yako kwamba ulikosea, kwamba unajuta, kwamba mwanzilishi ni mwenzako. Ilikuwa barua ya kugusa moyo. Anwani yako ya barua pepe ilikuwa wazi, imebaki kubonyeza tu. Hapo ndipo baba yako alipoingia kutafuta spana aliyoisahau juu ya kabati. Akasimama nyuma yangu akasoma, taratibu, kama anavyosoma kila kitu.

"Hilo jina la nani?" akauliza.

"La Atupele."

"Na mkono?"

"Wangu."

"Basi ni yale yale, Mama Atupele," akasema, akachukua spana yake akarudi gereji.

Nilifuta barua yote. Kwa mara ya tatu maishani nilikuwa karibu kuandika jina mahali pasipo pake. Nikaandika nyingine, fupi, kwa jina langu. Inasema niliyoyatenda mimi na hakuna zaidi: kwamba binti yangu aliandika ukweli kwa penseli, kwamba nilimwamuru aandike jingine, kwamba darasa lilianzishwa na Zaituni, na kwamba nililificha tangazo lao kwa mwanafunzi wangu mwenyewe. Nimeipiga chapa na kuitia sahihi. Iko chini ya karatasi hizi.

Sijaituma. Si kwa sababu naogopa, ingawa naogopa. Wakiisoma wanaweza kukunyang'anya nafasi. Wanaweza kukuita mbele ya kamati. Wanaweza pia kukuelewa, sijui, siwafahamu. Nafasi hiyo ni yako kuipoteza au kuitetea, na nimekwisha amua mengi mno juu yako bila wewe kuwepo. Ukitaka niitume leo, nitaituma leo. Ukitaka uende nayo mwenyewe mpaka Morogoro uwasomee ana kwa ana, ichukue. Ukiandika yako, sitaigusa, hata ukikosea herufi. Ukiniambia nisubiri, nitakuuliza mpaka lini, na nitalishika jibu lako. Na likija lile baya kabisa, urudi nyumbani mwezi ujao na sanduku lako, mlango utaukuta wazi, nami sitakuwa na hotuba. Nitakuwa na aibu, na aibu hiyo usinisaidie kuibeba.

Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji ruhusa yako, kwa sababu deni lake halikuhusu. Niliulizwa swali leo mchana na mwanafunzi wangu nikamjibu uongo. Minza nilimfuata nikiwa nimechelewa. Zaituni yuko dakika kumi kutoka hapa, nyuma ya foleni ya malori, anapima mchele.

Nimekwisha vaa viatu. Duka lao hufungwa saa moja, na saa hii akina mama wa mpakani ndio wanaorudi na kupita kununua cha jioni; Mama Gift hatakosa kuwamo. Ningeweza kusubiri afunge ili nimwambie faraghani. Nimeamua niende sasa. Alifutwa mbele ya watu, na nataka wawepo watu nitakapomjibu.

Wako, niliyekuzaa na ninayeendelea kujifunza kwako,

Mama